Serikali Inapomlipa Mkulima kwa Ajili ya Udongo Wake

Mkulima wa Kenya akiambiwa kwamba katika nchi ya Marekani Serikali humlipa mwenye shamba fedha kila mwaka ili aache kulima sehemu ya shamba lake, kwanza hucheka, kisha huuliza jina huandikishwa wapi. Kwa desturi mtu hulipwa kwa gunia alilovuna, wala si kwa gunia ambalo hakulipanda. Lakini habari hii si mzaha. Tangu miaka ya 1930 Hazina ya Marekani imekuwa ikitoa fedha kwa wakulima, wakubwa kwa wadogo, si kwa ajili ya mahindi wala ngano, bali kwa ajili ya udongo wenyewe, ili usichukuliwe na maji, usipeperushwe na upepo, wala usichoshwe kwa zao lile lile mwaka hata mwaka.

Fedha hizo zina historia yake, na historia hiyo yamhusu pia mtu wa Machakos na wa Murang'a. Kazi ya matuta, ambayo wazee wa huko waliifanya kwa jasho na manung'uniko, ilitokana kwa sehemu na mambo yaliyotukia Marekani. Yafaa basi kuyaeleza tangu mwanzo.

VUMBI LAFIKA WASHINGTON

Hugh Hammond Bennett alizaliwa mwaka 1881 katika jimbo la North Carolina, katika nyumba ya wakulima wa pamba. Mwaka 1903 aliajiriwa na Wizara ya Kilimo kupima udongo, na katika kuzunguka kwake wilaya baada ya wilaya aliona jambo ambalo wengi hawakulitilia maanani. Makorongo kila mtu aliyaona. Lakini mvua ilifanya kazi nyingine ya siri, nayo ni kuuondoa udongo wa juu kidogo kidogo katika shamba zima, kama kitambaa chembamba kinavyovutwa kutoka juu ya meza, na mkulima hakutambua hasara yake mpaka siku jembe lilipogonga udongo mgumu usio na rutuba. Mwaka 1928 Wizara ilichapa kijitabu chake kilichosema kwamba mmomonyoko wa udongo ni hatari kwa taifa zima. Waliokisoma walikuwa wachache.

Kilichowafanya watu wasikie ni upepo. Katika nchi tambarare za kati, yaani Kansas, Oklahoma, Texas, Colorado na jirani zao, bei ya ngano wakati wa Vita Kuu ya Kwanza iliwavuta watu kupindua mamilioni ya ekari za majani ya asili ambayo mizizi yake ndiyo iliyokuwa ikiushika udongo. Kisha bei ikaanguka, na tangu mwaka 1931 mvua ikakosekana. Udongo ulio wazi ukainuka angani. Jumapili ya tarehe 14 Aprili 1935 wingu la vumbi lilifunika nchi hata mtu hakuweza kuuona mkono wake mwenyewe mchana, na siku hiyo wenyeji waliiita Jumapili Nyeusi.

Majira hayo hayo Bennett alikuwa Washington akitoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge. Husimuliwa kwamba alikuwa amepata habari kuwa vumbi linakuja kutoka magharibi, akazidi kurefusha maneno yake makusudi mpaka mwanga wa dirishani ukafifia, ndipo akawaonyesha wabunge mashamba ya Oklahoma yakipita juu ya mji wao. Huenda hadithi hiyo imetiwa chumvi, kama zilivyo hadithi nyingi za watu hodari, lakini vumbi lenyewe lilifika kweli. Tarehe 27 Aprili 1935 sheria ya kuhifadhi udongo ilitiwa sahihi, na idara ya kudumu ikaundwa chini ya Bennett katika Wizara ya Kilimo.

MKATABA WA BONDE LA COON

Kazi yenyewe, hata hivyo, ilikwisha kuanza kabla ya sheria hiyo, tena mahali pasipo na vumbi. Kusini-magharibi mwa jimbo la Wisconsin pana nchi ya vilima na mabonde ambayo mtu wa Nyeri au wa Kisii angeitambua mara moja: miteremko mikali, vijito chini, na mashamba yaliyopanda mlima mpaka karibu na kilele. Walowezi waliohamia huko katika karne ya 19, wengi wao kutoka Norway, walianza na ngano, baadaye wakapanda mahindi na tumbaku na kufuga ng'ombe wa maziwa. Walikata mashamba yao kwa mistari iliyonyoka wakayalima kwa kupanda na kushuka mlima, na kila mfereji wa plau ukawa njia ya maji. Ng'ombe waliachwa walishe ndani ya misitu ya miteremkoni, wakaikanyaga ardhi hata ikawa ngumu kama sakafu. Kufika miaka ya 1930 makorongo yalikuwa yamekata mashamba vipande vipande, na kila mvua kubwa ilishusha mchanga ukafunika malisho mazuri ya bondeni.

Mwaka 1933 Serikali ilichagua bonde la kijito cha Coon, lenye ukubwa wa ekari kama 90,000, liwe mahali pa kwanza pa kuonyesha namna ya kuponya bonde zima kwa pamoja. Ugumu ulikuwa kwamba bonde hilo halikuwa mali ya Serikali. Lilikuwa la mamia ya watu wenye hati zao, wenye madeni yao katika benki, na wenye mashaka juu ya kila mgeni aliyefika na daftari. Hakuna aliyeweza kulazimishwa. Ilibidi kila mmoja aombwe, na kila aliyekubali alitia sahihi mkataba wa miaka mitano.

Mkataba huo wastahili kutazamwa kwa makini, maana ndani yake mna mambo karibu yote ambayo baadaye yalikuja kubishaniwa kwa miaka mingi. Kwa upande wake Serikali ilitoa mbegu za majani na za alfalfa, chokaa ya kuondoa ukali wa udongo ili alfalfa ikubali kuota, mbolea, seng'enge, miche ya miti, na bwana shamba wa kukaa na mkulima na kulichora shamba lake upya. Ilitoa pia mikono ya kazi: vijana wasio na ajira walioandikishwa katika jeshi la kazi za hifadhi, ambao walilipwa dola 30 kwa mwezi, na dola 25 kati ya hizo zikatumwa kwa wazazi wao. Vijana hao ndio waliojenga vizuizi vya makorongo, wakavuta seng'enge, wakapanda miti.

Mkulima naye aliahidi kutoa ng'ombe katika miteremko mikali na kuiacha ipate miti. Aliahidi kulima kwa kuuzunguka mlima kwa usawa badala ya kuupanda. Juu ya hayo yote, alikubali kulivunja shamba lake la pembe nne na kuligawa katika mikanda mirefu, mkanda wa mahindi, kisha wa nafaka ndogo, kisha wa majani, ili maji yanayotoka katika mahindi yakute majani na kupungua mbio. Kwa mtu aliyerithi shamba lenye mistari iliyonyoka, ambayo baba yake aliionea fahari, hilo la mwisho halikuwa dogo.

Msomaji ataona kwamba fedha taslimu hazikutajwa. Mkulima wa bonde la Coon hakupewa noti mkononi kwa sababu ya kukaa kimya. Alipewa vitu ambavyo bila ya hivyo asingeweza kufanya kazi aliyoahidi, na ambavyo vyote vilibaki shambani mwake vikimletea faida. Chokaa na alfalfa vilimaanisha majani mengi na bora. Majani yalimaanisha maziwa. Na maziwa yalikuwa na mnunuzi kila siku. Mkulima akavuna akiba ya chakula cha ng'ombe papo hapo alipozuia udongo. Zaidi ya wakulima 400 waliingia katika mapatano, yaani karibu nusu ya wote wa bonde lile. Waliobaki walitazama juu ya ua wa jirani kwa miaka michache, na wengi wao wakaja kufuata mikanda ile ile.

Je, kazi ilifaa? Swali hili mara nyingi hujibiwa kwa hotuba, lakini katika bonde la Coon lilijibiwa kwa kipimo. Stanley Trimble, mwalimu wa jiografia katika chuo kikuu kimoja cha California, alifuatilia kwa miaka mingi mchanga uliojazana kandokando ya kijito hicho, na mwaka 1999 alitangaza kwamba kiasi kilichokuwa kikijazana katika miaka ya 1975 hadi 1993 kilikuwa kama sehemu 6 tu katika kila 100 za kile cha miaka ya 1930. Mvua hazikuwa zimepungua hata zieleze tofauti hiyo, na watu hawakuacha kulima. Kilichobadilika ni namna ya kulima.

JEMBE LALETWA KENYA, MKATABA WAACHWA

Habari za vumbi la Marekani zilisomwa kwa hofu katika ofisi za Nairobi. Mwaka 1938 Idara ya Kilimo ya Kenya ilianzisha kazi maalumu ya kuhifadhi udongo chini ya Colin Maher, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa ameandika ripoti juu ya hali ya Ukambani. Maher alikwenda Marekani kujionea kazi ya Bennett, na habari za safari yake zilichapwa Nairobi mwaka 1940. Aliona mikanda, matuta, mifereji ya kugeuza maji. Hayo yote yakaletwa. Kilichoachwa nyuma ni ile karatasi yenye sahihi mbili.

Ubaya wa kutenda mambo bila mapatano ulikuwa umekwisha kuonekana Ukambani. Mwaka 1938 Serikali iliamua kwamba ng'ombe wa Machakos wamezidi malisho, ikaanza kuwakamata na kuwauza kwa mnada kwa bei ndogo. Mwishoni mwa Julai mwaka huo zaidi ya watu elfu moja, wanaume kwa wanawake, walikwenda Nairobi kumtaka Gavana awasikilize, wakakaa huko majuma kadhaa. Kiongozi wao Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa Lamu. Lakini kabla ya mwaka kwisha Serikali ililazimika kuacha kuwapunguza ng'ombe kwa nguvu.

Baada ya vita kazi ya matuta iliingia Murang'a na wilaya nyingine za Kikuyu, kwa kawaida asubuhi mbili kila juma, bila malipo, chini ya macho ya machifu. Waliobeba mzigo ni wanawake hasa. Matuta yaliyochimbwa mengi yalikuwa membamba, udongo ukitupwa upande wa chini, na mvua kubwa zikayabomoa, ikabidi yachimbwe tena. Mwezi wa Julai mwaka 1947 mkutano mkubwa wa Murang'a uliamua kwamba wanawake wasiendelee na kazi hiyo, na matuta yakasimama. Haifai kusema kwamba watu wale hawakujali udongo wao. Mtu anayelimishwa kwa amri, asiyejua kama kesho shamba litabaki lake, hana sababu ya kuamini kwamba tuta ni kwa faida yake.

Tena si kweli kwamba Serikali ya wakati huo haikujua namna ya kumlipa mkulima. Kwa sheria ya mwaka 1942 ya kuzidisha mazao, walowezi wa Kizungu walipewa ruzuku za kuvunja ardhi mpya na kuhakikishiwa pato la chini kwa kila ekari waliyopanda. Kwa hiyo mmoja alilipwa kwa kuipindua ardhi, na mwingine akalazimishwa kuihifadhi bure. Ni vigumu kueleza jambo hilo kwa maneno ya upole zaidi.

Mambo yaligeuka Machakos kwa njia ambayo haikutazamiwa sana. Baadhi ya askari waliorudi kutoka vitani walikuwa wameona mashamba ya ngazi katika nchi za Asia. Wakulima wa Matungulu na Kangundo waliona kwamba shamba la ngazi hushika maji, na shamba lililoshika maji huweza kuzaa mboga za kuuza Nairobi. Kisha katika miaka ya 1950 Waafrika wa wilaya hiyo waliruhusiwa kupanda kahawa, kwa sharti kwamba shamba likatwe ngazi kwanza. Sharti hilo halikuhitaji askari wa kulisimamia. Watu walikata ngazi kwa mikono yao, mara nyingi kwa mwethya, ule ushirika wa kale wa Wakamba ambao majirani hufanya kazi kwa zamu katika shamba la kila mmoja, nao wakajichagulia viongozi wao wenyewe.

Tangu mwaka 1974 Serikali ya Kenya, kwa msaada wa Sweden, iliendesha mpango wa nchi nzima wa kuhifadhi udongo, nao uligawa gharama kwa njia ya busara. Mfereji mkubwa wa kukinga maji juu ya mlima hupita katika mashamba ya watu wengi, wala hakuna mmoja wao awezaye kuudai kuwa wake; huo ulichimbwa na vibarua wa mahali hapo waliolipwa fedha. Tuta lililo ndani ya shamba lilibaki kazi ya mwenye shamba, ambaye alisaidiwa kwa maarifa na pengine kwa vyombo. Namna ya tuta iliyoenea ni ile ambayo udongo hutupwa upande wa juu, na jina lake, fanya juu, limeingia katika vitabu vya Kiingereza vya elimu ya udongo bila kutafsiriwa. Watu wa Machakos walikuwa kama 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930, na mwaka 1989 walikaribia milioni 1.4. Hata hivyo wataalamu Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, katika kitabu chao cha mwaka 1994, walieleza kwamba mmomonyoko ulikuwa umepungua na mazao kwa kila mtu yameongezeka.

JINA LILILO KATIKA HATI

Mtu asidhani, kwa kuyasoma hayo, kwamba huko Marekani mkataba ulikuwa dawa isiyo na madhara. Tatizo la kwanza lilitokea mapema, nalo ni la kujua fedha ziandikwe kwa jina la nani.

Mwaka 1933 Serikali ya Rais Roosevelt ilianza kuwalipa wakulima wapunguze pamba na mazao mengine ili bei ipande. Katika majimbo ya Kusini mwenye shamba la pamba mara nyingi hakushika jembe. Waliolima ni wapangaji na watu wa kugawana mavuno, weusi na weupe, wasio na hati yoyote. Fedha zilipitia kwa mwenye shamba. Wengi wao walizikamata zote, na kwa kuwa ekari za pamba zilipungua, waliona hawana haja ya watu wengi tena, wakawafukuza. Hivyo malipo ya Serikali yakawatoa njiani wale wale waliokuwa na shida kuliko wote. Mwezi wa Julai mwaka 1934, karibu na mji mdogo wa Tyronza katika jimbo la Arkansas, wapangaji wachache wa rangi zote mbili walianzisha chama chao cha kujitetea, jambo lililohitaji ushujaa mkubwa katika nchi ile wakati ule.

Tarehe 6 Januari 1936 Mahakama Kuu ilifuta msingi wa malipo hayo, ikisema Serikali kuu haina mamlaka ya kutawala kilimo kwa njia hiyo. Haikupita miezi miwili Bunge likapitisha sheria nyingine, ambayo sasa ilimlipa mkulima kwa kuacha mazao yanayochosha udongo na kupanda yale yanayoujenga, kama majani na jamii ya kunde. Wenye kejeli walisema kwamba pamba ile ile imevalishwa kanzu mpya. Hawakukosea kabisa, lakini tangu hapo hifadhi ya udongo ilipata kifungu chake katika hesabu ya Serikali. Mwaka 1938 masharti yaliongezwa ili fedha zigawanywe kwa kadiri ya fungu la kila mtu katika mavuno, na ili mwenye shamba asipate zaidi kwa kuwapunguza wapangaji. Kwa wengi waliokwisha kufukuzwa, ulinzi huo ulikuja umechelewa.

Hata mkulima mwenye hati yake alitegemea kamati za wilaya, zilizochaguliwa na wakulima wenzake, na mkulima mweusi mara nyingi hakuwa na mtu wake ndani ya kamati. Malalamiko ya kwamba Wizara iliwanyima wakulima weusi mikopo na misaada yalifikishwa mahakamani mwaka 1997 na Timothy Pigford wa North Carolina pamoja na wenzake. Mapatano yaliyoidhinishwa mwaka 1999 yaliifanya Serikali ilipe zaidi ya dola bilioni moja.

BEI INAPOPANDA

Tatizo la pili halina mkosaji wa kushikwa. Mwaka 1956 Bunge lilianzisha kile kilichoitwa Benki ya Udongo. Mkulima alikodisha ekari zake kwa Serikali kwa miaka kadhaa, hata kumi, akazipanda majani au miti, akapokea kodi. Kufika mwaka 1960 ekari karibu milioni 29 zilikuwa zimepumzishwa. Wafanyabiashara wa miji midogo walilalamika, na kwa haki, maana mkulima aliyepumzisha shamba zima hakununua mbegu wala plau, na wengine walihamia mjini wakipokea hundi zao huko.

Mikataba ikaisha. Mwaka 1972 Urusi ilinunua ngano nyingi mno kutoka Marekani, bei zikaruka, na Waziri wa Kilimo Earl Butz akawahimiza wakulima walime kutoka ua hadi ua. Ardhi iliyokuwa imepumzika kwa fedha za umma ikapinduliwa, pamoja na mistari ya miti ya kukinga upepo iliyopandwa katika miaka ya 1930. Bei zilipoanguka katika miaka ya 1980, mkulima alibaki na deni na makorongo.

Sheria ya mwaka 1985 ilijaribu kujifunza kutokana na hayo. Ilileta tena ukodishaji wa ekari, kwa mikataba ya miaka 10 hadi 15, lakini kwa kawaida haikuruhusu zaidi ya robo ya ardhi ya kulima katika wilaya moja kupumzishwa, ili maduka ya mjini yasife. Tena iliweka jambo jipya lenye nguvu kuliko malipo yenyewe: anayelima ardhi yenye kumomonyoka sana bila mpango wa kuihifadhi, au anayekausha kinamasi ili apande, hupoteza haki ya misaada mingine ya Serikali pia. Hata hivyo bei haikuacha kuwa bwana. Ekari zilizokodishwa zilifika karibu milioni 37 mwaka 2007. Kisha mahindi yakatakiwa kwa wingi kutengeneza mafuta ya magari, bei ikapanda, mikataba ikaisha, na mwaka 2016 zilikuwa zimebaki chini ya milioni 25.

HESABU YA MKULIMA MDOGO

Kwa mkulima anayeendelea kulima, mpango ulio muhimu zaidi ni ule wa mwaka 1996, ambao hauikodishi ardhi bali hulipa sehemu ya gharama ya kazi maalumu: ua wa kugawa malisho, tangi la samadi, mfereji uliooteshwa majani, au mazao ya kufunika udongo wakati wa baridi. Serikali hulipa mpaka sehemu 75 katika 100 za gharama, na kwa wanaoanza kilimo au wenye uwezo mdogo hata 90. Maneno hayo ni mazuri kuyasoma. Lakini waombaji kila mwaka ni wengi kuliko fedha, na kwa kawaida mkulima hutangulia kutoa fedha zake, hukaguliwa, ndipo hurudishiwa. Mwenye benki nyuma yake huweza kungoja, lakini mwenye ng'ombe 30 na mkopo hulala akihesabu siku.

Uzito wa kungoja huko ulionekana wazi mwaka 2025. Sheria ya mwaka 2022 ilikuwa imeongeza karibu dola bilioni 20 katika mipango ya hifadhi, na wakulima wengi walitia sahihi. Mwezi wa Januari mwaka 2025 Serikali mpya ilisimamisha malipo mengi yaliyotokana na sheria hiyo ili iyapitie upya. Watu waliokwisha kununua seng'enge na kulipa mafundi, wakiwa na mkataba wenye sahihi ya Serikali mkononi, waliambiwa wasubiri. Sehemu ya fedha ilianza kuachiliwa mwezi wa Februari. Lakini mkulima hupanda kwa majira, na majira hayasubiri ofisi.

Katika bonde la Coon kwenyewe, usiku wa tarehe 27 kuamkia 28 Agosti 2018, mvua kubwa isiyo ya kawaida ilinyesha, na mabwawa matatu kati ya yale Serikali iliyoyajenga baada ya vita kupunguza mafuriko yalipasuka. Wakazi waliunda baraza la bonde lao, na wakulima hukutana humo kujadili namna ya kuyazuia maji tangu juu, mashambani, kabla hayajafika kijitoni, kama babu zao walivyojadili mwaka 1933. Udongo ni ule ule na miteremko ni ile ile. Lakini jimbo la Wisconsin, lililokuwa na zizi zaidi ya 15,000 za ng'ombe wa maziwa mwaka 2004, lilikuwa na chini ya 7,000 mwaka 2022, na mashamba mengi yaliyoachwa na ng'ombe yamepandwa mahindi na soya. Ile mikanda ya majani iliyolipwa kwa chokaa na mbegu za Serikali ilidumu miaka mingi kwa sababu kulikuwa na ng'ombe wa kuyala majani hayo. Mkulima aliyewauza ng'ombe wake huuliza katika mkutano ni nani atakayeyanunua majani akiendelea kuyapanda, na bwana shamba anayeketi mbele yake na fomu za mkataba hana mnunuzi wa kumtajia.